Bi Ngurumo Katika Toleo la Mwisho

Lurambi, Kakamega
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako kaka yangu Salim,

Assalamu alaikum. Nakusalimu wewe kwanza, halafu naisalimu nyumba nzima mpaka paka wa jikoni, kama bado yuko. Goti la Mama linaendeleaje? Kwenye simu aliniambia ameacha kupanda zile ngazi za kwa jirani, lakini Mama akisema ameacha kitu, mimi husubiri nisikie kutoka kwako. Na shemeji je, presha imeshuka? Na wewe mwenyewe, macho? Nilipokuja mara ya mwisho ulikuwa unakisogeza kitambaa karibu na pua wakati wa kushona, na nilipokutazama ukajifanya unakinusa.

Mimi ni mzima wa mwili. Huku mvua inanyesha kila siku ikifika saa tisa, kama mtu aliyeajiriwa. Asubuhi jua kali, mchana mawingu, na sasa hivi ninapoandika bati zinapigwa mpaka siisikii redio ya jirani.

Najua umeshangaa kuiona bahasha. Siku hizi nani anaandika barua? Ningepiga simu, kaka. Nimeishika mara nyingi, nikalitafuta jina lako, nikaiweka chini tena. Kwenye simu mtu akinyamaza hujui kama amekasirika au mtandao umekatika. Basi nimeona heri niandike, nikueleze yote kwa utaratibu, hata yale unayoyajua, kwa sababu unayoyajua uliyajua vibaya na kosa ni langu.

Unakumbuka nilikuja huku kwa kazi ya Protus. Yeye ndiye mwenye duka la kuchapisha hapa Lurambi, mtu mnene, mcheshi, anavaa tai hata siku ya kubeba marobota ya karatasi. Mchana napanga kadi za harusi, ratiba za kanisa, na vile vijitabu vya mazishi vyenye picha ya marehemu na historia ya maisha yake. Vijitabu hivyo ni vingi kuliko kadi za harusi. Nimewajua watu wengi wa Kakamega wakiwa wameshakufa, na nimewajua wachache sana walio hai.

Sikuwahi kukwambia hilo vizuri. Kila ulipouliza "Umezoea?" nilijibu "Nimezoea." Ukweli ni kwamba wiki ya kwanza mwenye nyumba wangu, Mama Ayuma, alisimama mlangoni akaniuliza, "Na wewe unakaanga hapa peke yako?" Nikamjibu, "Hapana mama, hata mafuta sina." Akanitazama, nami nikamtazama. Kumbe huku "unakaanga" ni kuishi mahali siku zote, wala si mambo ya samaki na sufuria. Alicheka mpaka akaketi kizingitini. Nami nilicheka, halafu nilipofunga mlango nikaona kuwa ningependa kumsimulia mtu kisa hicho na sikuwa na wa kumsimulia. Ijumaa nikienda msikiti wa mjini, huwa nakutana na akina mama wa kutoka Mumias. Wakinisalimu kwa salamu zetu, mimi huirefusha salamu ile, nauliza hali ya kila mtu, mpaka wao wenyewe wanaaga.

Kwa hiyo Protus aliposema kuna watu wanachora katuni katika chumba cha nyuma baada ya kazi, na kama najua kuchora nikaribie, niliingia hata kabla hajamaliza kusema.

Tulikuwa wanne. Protus aliandika hadithi na alikuwa na shujaa wake, Fahali, mtu mwenye nguvu za ng'ombe dume, kwa sababu Protus ni wa Ikolomani na huko mapigano ya mafahali ni kama mpira kwetu. Imali, msichana mpole wa Iguhu anayefundisha chekechea, shujaa wake ni Mwanamvua, anayeamrisha mvua. Makokha, dereva wa trekta ya miwa, shujaa wake ni Chuma, jitu lililoundwa kwa vipuri vya matrekta yaliyokufa. Na mimi nikamleta Bi Ngurumo.

Nilimleta yule yule, kaka. Leso kiunoni, kilemba, mwili mpana, na sauti inayopasua vioo. Yule tuliyemchora nyuma ya kalenda za zamani, Bibi akiwa bado hai, akituita kutoka kizingitini jioni mpaka mtaa mzima ukajua majina yetu. Wenzangu walimpenda siku hiyo hiyo. Imali aliniuliza, "Umemtoa wapi huyu?" Nikasema, "Kichwani."

Hilo ndilo kosa la kwanza. Ukaona matoleo matatu niliyokutumia, yameandikwa kwenye jalada "Bi Ngurumo, mbunifu Rehema." Hukusema neno. Ulisema tu kuwa leso nimeikunja vibaya.

Sasa ile hadithi ya pamoja, *Mashujaa Wote*. Wazo la Protus lilikuwa zuri: kila shujaa ana vitabu vyake, tuwakutanishe wote wapigane na adui mmoja. Adui tukamwita Kimya. Anameza sauti. Akipita mahali, majogoo hawawiki, kengele hazilii, watoto wanafungua midomo na hakuna kitu. Toleo la kwanza lilikuwa tamu. Baada ya hapo tukavuruga kila kitu.

Kila mtu aliandika sehemu yake bila kusoma ya mwenzake. Fahali alikuwa mjini Kakamega ukurasa wa tano, ukurasa wa sita yuko Lugari katikati ya mahindi, hajapanda hata baiskeli. Chuma alivunjika mkono wa kushoto katika toleo la pili, toleo la tatu bandeji iko mkono wa kulia. Katika kurasa za Imali, Mwanamvua ni dadake Fahali. Katika kurasa za Protus, Fahali anampelekea maua. Muuguzi mmoja wa Iguhu alituletea barua dukani kwa mkono wake mwenyewe: "Mimi ni msomaji wenu. Naomba mnieleze kama huyu kijana anamchumbia dada yake, ili nijue kama nitaendelea kuwasomea watoto wa wodini." Tuliibandika ukutani. Tulicheka tu.

Likaja toleo la nne.

Protus alituita akasema wasomaji wamechoka, lazima kitu kikubwa kitokee, shujaa mmoja afe. Akamtaja Bi Ngurumo. Alisema kifo cha mama kitawaliza watu. "Tupige kula," akasema, maana Protus akiharakisha, kura inakuwa kula. Akanyoosha mkono. Makokha akanyoosha. Imali akatazama meza. Kisha wote watatu wakanigeukia, na Protus akaniambia kwa upole kabisa, "Rehema, huyu mama ni wako. Ukikataa tunaacha. Hakuna mtu atakasirika."

Nataka uyajue maneno hayo kama yalivyosemwa. Hawakunilazimisha. Walinisubiri. Na mimi nikasema, "Sawa."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu ninalo na linanitia haya. Meza ile ndiyo ilikuwa mahali pekee huku ambapo mtu alinivutia kiti. Niliogopa nikisema hapana wataona mimi ni mgeni mwenye maringo ya Pwani, na kesho yake kiti hakitavutwa. Basi nikamtoa Bi Ngurumo. Tulimwangushia ghala la mahindi. Mimi mwenyewe nilichora vumbi.

Toleo hilo sikukutumia. Ukaniuliza, "Ya nne bado?" Nikajibu bado, mitambo imeharibika. Hilo ndilo kosa la pili, na kubwa. Wiki tatu baadaye ukaliona kwenye simu ya mteja aliyekuja kushonewa kanzu, ukanitumia maneno matano: "Nimeiona ile ya nne. Hongereni."

Ungenitukana, kaka, ningejibu. Lile "hongereni" sikujua nilishike wapi. Nikanyamaza siku moja, nikanyamaza wiki. Sasa ni miezi saba. Mama ananiambia salamu zako na najua hukuzituma, na mimi namwambia akupe zangu na sijui kama anakupa.

Baada ya hapo mambo yaliharibika zaidi. Katika toleo la tano Protus alimfanya Fahali ampige Chuma ngumi moja, Chuma akaanguka. Makokha alikuja dukani ametoka shambani, matope mpaka magotini, akauliza ni nani aliyeandika upuzi huo. Wakagombana. Makokha akachukua michoro yake yote akaondoka, akasema Chuma ni wake na tusimguse tena. Tulikuwa katikati ya vita! Katika toleo la sita ikabidi tuandike kisanduku kidogo pembeni: "Chuma amepelekwa gereji." Wasomaji walitucheka. Protus naye akavunjika moyo. Alikuja asubuhi moja bila tai, nikajua kuna jambo. Akasema, "Tufunge. Hakuna mtu atauliza iliishaje."

Sijui kilichonipata. Nilikuwa napanga kijitabu cha mazishi cha mwalimu fulani, na familia yake ilikuwa imeandika kurasa nne, kila mtu na neno lake kwa marehemu. Nikakumbuka kuwa Bi Ngurumo amekufa na hakuna hata mmoja aliyesema kitu. Nikamwambia Protus, "Nipe la mwisho nilichore mimi."

Akaniuliza, "Na Chuma je?"

"Nitakwenda kumwomba Makokha."

"Makokha? Huyo hata mimi simpigii simu."

Jumamosi nilipanda pikipiki mpaka Bukura, nikauliza uliza mpaka nikafika kwao. Nilimkuta chini ya trekta, miguu tu inaonekana. Nikamsalimu, "Mulembe." Akajibu mulembe bila kutoka. Alipojua ni mimi akatoka taratibu, akajifuta mikono kwa tambara muda mrefu.

"Protus amekutuma?"

"Sijatumwa. Nataka kumaliza hadithi."

"Ngumi moja, Rehema," akasema. "Ngumi moja! Wewe umeona hii kitu?" Akaupiga mkono wake kwenye gurudumu kubwa la nyuma. "Mtu anaweza angusha hii na ngumi moja? Baba yangu alifundishwa kuendesha na hii. Mimi pia. Mnaifanya mchezo."

Nikamwambia ana haki. Nikamwambia pia kuwa mimi nilikubali Bi Ngurumo auawe na yeye alinyoosha mkono, kwa hiyo wote wawili tuna la kujutia. Mama yake alikuwa amesimama karibu na jiko la nje, akanikaribisha chakula. Halafu akanitazama kilemba changu, akauliza kwa aibu kidogo, "Mwanangu, wewe unakulanga ingokho yenye tumechinja sisi?" Kabla sijajibu alikuwa ameshakwenda mwenyewe barabarani kumwita muuza duka Mwislamu aje amchinje kuku yule. Walinichelewesha saa mbili nzima kwa ajili ya kuku mmoja. Nilikula ugali wao, wenyewe wanauita obusuma, mgumu wa kukata kwa uzi, na nikawa naangalia sahani tu ili wasiyaone macho yangu. Kwa miaka yangu miwili ya huku, hakuna mtu aliyekuwa ameniwekea chakula akiwa amefikiria kwanza mimi ni nani.

Tulipokuwa tunanawa mikono Makokha akasema, "Sawa. Lakini Chuma asipigwe. Na asifanywe mjinga. Na mimi ndiye nitamchora."

Tukafanya kazi wiki sita. Imali alikuja kila siku baada ya shule. Makokha alichora kwao Bukura na kuzituma kurasa kwa simu, picha zikiwa na alama za grisi. Protus alianza kwa kupita mlangoni na kuchungulia, halafu akaingia, halafu tai ikarudi. Nilimwomba kitu kimoja tu, asiandike chochote mpaka amesoma kurasa zote za wenzake. Akakubali kama mwanafunzi.

Sasa nikueleze inavyoishia, ingawa nimekutilia kitabu ndani ya bahasha. Nataka uisikie kwangu kwanza.

Kimya ameshinda. Ameumeza mji wote. Kurasa kumi na moja za mwanzo hazina hata neno moja, kaka, hata "gdum" moja haimo. Fahali anavunja mlango na hakuna mlio. Mvua ya Mwanamvua inashuka kama nyuzi. Mashujaa wanagombana kwa mikono, kila mmoja anaelekeza kwake, na hawaelewani. Fahali na Mwanamvua wanaandikiana kwenye vumbi la ukutani. Fahali anaandika, "Kwani wewe ni nani yangu?" Naye anajibu, "Dada yako, mjinga wewe. Yale maua nilimpa Mama." Hivyo ndivyo tulivyolimaliza jambo hilo.

Kisha Chuma anarudi kutoka gereji, mikono yote miwili mizima. Hapigani na mtu. Anakwenda moja kwa moja kwenye lile ghala lililoanguka, anaanza kuondoa magunia, moja moja, taratibu, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Makokha alichora kurasa tatu za magunia tu. Protus alitaka kuzipunguza, mimi nikakataa. Chini kabisa yupo Bi Ngurumo. Hakufa. Aliita siku zote hizo, ila Kimya alikuwa ameshaimeza sauti yake, na kwa kuwa hawakumsikia walidhani hayupo.

Anasimama, anafungua mdomo, kiputo cha maneno kinatoka kitupu. Ndipo wanawake wa sokoni wanapokuja na mifuniko ya sufuria. Anakuja na mzee mwenye ngoma yake ya isukuti, mwuza miwa anagonga panga kwa jiwe, kila mtu anapiga kwa namna yake, hakuna anayefuata mwenzake. Kimya anameza, anameza, tumbo linajaa. Angeweza kumeza wimbo mmoja uliopangwa, lakini vurugu ile hajui aianzie wapi. Anapaliwa. Na anapokohoa, sauti ya Bi Ngurumo inatoka.

Kurasa mbili zinazotazamana, herufi tu, nilizichora kwa mkono siku nne. Anasema alichokuwa akisema Bibi: "NYINYI! JUA LIMEKUCHWA! RUDINI NYUMBANI!"

Na wote wanarudi. Fahali anajifuta miguu, Mwanamvua anaifunga mvua yake, Chuma anazima injini. Hata Kimya. Anainamisha kichwa, anajibu neno lake moja tu katika hadithi nzima, "Naam, Bibi," halafu anaelekea kwao.

Tulilizindua wiki iliyopita, Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa shule ya jirani. Nilidhani watakuja jamaa zetu tu, yaani jamaa zao. Watu walijaa. Yule muuguzi wa Iguhu alikuja na sare yake, akatangaza mlangoni, "Nimekuja kuona kama amemuoa." Akakichukua kitabu, akasimama mbele ya meza yetu akakisoma chote papo hapo, hakutaka kiti. Alipofika kwenye vumbi la ukutani akacheka, akanipiga begani kama tunajuana. Kwenye magunia akafunua polepole. Halafu alipofunua zile kurasa mbili, sijui alijisahau vipi, akasoma kwa sauti yake yote, kwa matamshi ya huku, ukumbi mzima ukageuka: "Nyinyi! Jua limekuchwa! Ludini nyumbani!"

Mtu mwingine huko nyuma akajibu, "Naam, Bibi!" Ukumbi ukalipuka. Wakaanza wote, huyu anaita, wale wanajibu. Makokha alikuwa amekuja na mama yake, amevaa shati jeupe, na Protus akamwendea mbele ya watu akamwambia, "Ngumi moja ilikuwa makosa." Makokha akasema, "Nilijua utajua." Wakashikana mikono kwa muda mrefu.

Kaka, nilifurahi. Sitakudanganya tena kwa lolote, na hilo pia ni kweli.

Yule muuguzi akaniuliza, "Huyu mama umemtoa wapi? Mbona namjua?"

Safari hii sikusema kichwani. Nikasema, "Ni bibi yetu, marehemu. Tulimchora pamoja na kaka yangu Salim, tukiwa wadogo. Kaka ndiye aliyeanza."

Imali alikuwa pembeni yangu anapanga vitabu. Akainua kichwa. "Una kaka?" akaniuliza. "Miaka miwili, Rehema. Hujawahi sema una kaka."

Lakini ukifungua jalada utaona kuwa nilikuwa nimeshaandika kabla ya siku hiyo: "Bi Ngurumo, wabunifu Salim na Rehema." Jina lako nimelitanguliza. Halikuwekwa kwa ajili ya kukubembeleza. Ndivyo ilivyotakiwa tangu toleo la kwanza.

Ilipofika saa saba watu wakatawanyika. Imali alifuatwa na ndugu zake, Makokha akampandisha mama yake pikipiki, Protus akaenda na mkewe na watoto, akaniita niende nao nikasema nimechoka. Nikarudi chumbani na kitabu kimoja. Mvua ikaanza. Nilitaka kumsimulia mtu, yaani kumsimulia hasa, mtu anayejua Bibi alivyokuwa akiweka mkono mmoja kwenye mlango anapoita. Hakuna aliyekuwepo wa kujua hilo. Nikafungua zile kurasa mbili nikazisoma kwa sauti, peke yangu, kwa sauti ya Bibi kama ninavyoikumbuka.

Mama Ayuma akabisha mlango. "Umeita mtu?"

Nikamwambia, "Hapana mama. Nilikuwa nasoma."

Akasimama kidogo, halafu akasema, "Basi soma tena, nilikuwa mbali sikusikia vizuri." Akaingia, akaketi kitandani, nikamsomea kitabu chote. Alicheka mahali penye kucheka. Lakini kwenye ile sauti alinitazama mimi, hakukitazama kitabu, na akaniuliza kama kwetu wanajua ninavyokaanga huku. Ndipo nikaamua kuandika.

Nakuomba radhi, Salim. Kwa kumtoa Bi Ngurumo bila kukuuliza, kwa kukudanganya juu ya mitambo, na kwa miezi hii saba. Sasa Protus anataka tuanze hadithi yake peke yake, Bi Ngurumo bila wale wengine. Nimemwambia siwezi kujibu, yeye si wangu wa kumtoa. Ukisema apumzike, atapumzika, na sitakuuliza sababu.

Nisalimie Mama, umwambie naila dawa ya kifua aliyonipa na kwamba sweta alilolicheka ndilo ninalolivaa kila jioni. Shemeji mpe salamu, na pole ya presha. Shangazi yetu wa Ukunda, aliyenifundisha kuswali, mwambie Ijumaa sikosi. Fundi mwenzako mzee wa cherehani ya pili, yule anayelala ameketi, msalimie akiwa macho.

Jambo moja limebaki. Wasomaji hawakuliona, lakini wewe utaliona ukifunua ukurasa wa kwanza tu alipo. Mikono ya Bi Ngurumo siiwezi. Tulipokuwa wadogo mimi nilichora uso na leso, mikono ulichora wewe, mpaka siku Baba alipofariki ukaketi kwenye cherehani yake na hukushika tena penseli. Tangu hapo nimekuwa nikiificha mikono yake. Katika toleo lote la mwisho iko nyuma ya magunia, au ndani ya leso, au nje ya fremu. Hata pale anapoita, nimemkata kifuani.

Ndani ya bahasha, nyuma ya kitabu, kuna karatasi moja nzito ya kuchorea. Nimemchora amesimama kizingitini, mdomo wazi. Kuanzia viwikoni nimeacha peupe.

Ni mimi mdogo wako,
Rehema